Nyuzi Nazo Zina Shule

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Mhusika wake ni uzi. Nawasimulia kwa sababu kati yenu wapo wanaopenda kusuka, kushona, kutarizi na kupaka nguo rangi, na kila mara huambiwa waweke chini hayo wakasome. Nataka mjue kwamba sanaa ya nyuzi nayo ni masomo. Ina walimu, ina vitabu, ina mitihani na vyuo. Na kijana wa Beni au Butembo, huku kwetu mashariki mwa Kongo, anayetaka kuisoma haendi mikono mitupu, kwa maana vifaa vingi vya darasa la kwanza viko nyuma ya nyumba yao.

Tuanze basi nyuma ya nyumba, kwenye mgomba. Bandueni ganda kavu la shina, mlichane vipande vyembamba. Kipande kimoja ukikivuta kwa nguvu, kinakatika. Sasa loweka viwili kidogo ili vilainike. Kila kimoja kisokote kuelekea kulia mpaka kikaze, kisha vilaze pamoja uvizungushe kuelekea kushoto. Achia. Kamba haifumuki! Kila uzi unatamani kujifumua, lakini ukijaribu tu unazidi kumbana mwenzake, na mwenzake anambana vilevile. Zaidi ya hapo, ukiivuta kamba, nyuzi zake hukandamizana na kushikana kwa nguvu zaidi. Wanafunzi wa vyuo vikubwa huanza na somo hilohilo, na mabibi zenu walilijua kabla ya chuo chochote kujengwa hapa.

Sasa watazameni akina mama wa Lubero na Butembo wanapopanda kilima na mzigo wa viazi au kuni mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Ombeni ruhusa muishike kamba hiyo. Sehemu inayokaa pajini ni pana, kwa sababu uzito ukikaa mahali pembamba hukata ngozi. Huku mwishoni ni nyembamba, kwa sababu kazi yake ni kufunga. Aliyeibuni alifikiri juu ya mwili wa mtu, juu ya uzito na juu ya mwinuko wa njia zetu, kisha akayatia mawazo yake yote ndani ya kitu kimoja cha nyuzi. Kufikiri kwa namna hiyo ndiko mwanafunzi wa sanaa hii anakotafuta kwa miaka yake yote chuoni.

Kutoka kwenye kamba tunafika kwenye nguo. Ili ufume nguo unahitaji nyuzi za aina mbili: za mtande, zinazotandazwa na kukazwa, na za mshindio, zinazopita katikati yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukipitisha mshindio juu ya uzi mmoja na chini ya mmoja, unapata nguo ya kawaida. Ukipitisha juu ya mbili na chini ya mmoja, na kila mstari ukasogea hatua moja, unapata mistari ya mshazari kama ile ya suruali za jinzi. Itazameni suruali hiyo kwa karibu, mtaiona. Kwa hiyo mfumaji anahesabu siku nzima. Asiyependa hesabu darasani huenda akaipenda hapa, kwa sababu jibu lake analiona kwa macho na kulipapasa kwa vidole.

Ndani ya nchi yetu hiihii kuna watu walioifikisha hesabu hiyo mbali sana. Ni Wakuba wa Kasai, ambao mji wa mfalme wao unaitwa Mushenge. Wao hutumia rafia, nyuzi zinazotolewa kwenye majani machanga ya mti wa jamii ya mchikichi. Wanaume hufuma kitambaa, wanawake hukitarizi. Mwanamke huchukua sindano, hupitisha uzi laini wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa, kisha huukata pande zote mbili na kuacha kishungi kifupi. Hafungi fundo lolote. Kitambaa kimefumwa kwa kukazwa mpaka kinakishika kishungi chenyewe. Vishungi vikiwa maelfu kwa maelfu, uso wa kitambaa unakuwa laini kama mahameli, na umejaa michoro ya pembe na misalaba inayofumana. Kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi mingi. Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Henri Matisse, alikuwa na vitambaa hivi na alivitundika ukutani mwake akavitazama na kujifunza kutoka kwavyo.

Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme wa Wakuba pikipiki, wakitarajia ataishangaa. Mfalme hakuijali sana. Kilichomvutia ni alama za magurudumu yake mchangani. Akaagiza alama zile zinakiliwe ziwe mchoro wa nguo, na mchoro huo ukapewa jina la mfalme huyo. Wageni walidhani wameleta ajabu, kumbe jicho la mfumaji liliona kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wakikikanyaga. Wajukuu zangu, barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni ina alama nyingi za magurudumu. Nani kati yenu amewahi kuzichora?

Kuna kisa kingine cha Wakuba, na hiki kinawahusu watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mhungaria mmoja, Emil Torday, alitembelea nchi yao akikusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Uingereza. Akawakuta watoto wamekaa mchangani wakichora mistari iliyopindana kama nyavu. Wakamtaka naye achore, kwa sharti kwamba asiinue kidole wala asipite mara mbili juu ya mstari uleule. Mgeni akashindwa, watoto wakaweza. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa amefanya kazi kubwa huko Ulaya kuonyesha ni lini jambo la namna hiyo linawezekana na ni lini haliwezekani. Watoto wa Kikuba walilijua kwa njia yao, kwa sababu walikulia kati ya nyavu, mikeka na nguo za mapambo.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Ukitoka Beni ukielekea Oicha au Mambasa, unaingia msitu mkubwa wa Ituri, nchi ya Wambuti. Wao walikuwa na nguo isiyofumwa kabisa. Inatoka kwenye gome la ndani la miti, hasa ya jamii ya mtini wa porini. Wanaume hulibandua gome, hulilainisha, kisha huligonga kwa nyundo ya mti mgumu au, zamani, ya pembe ya ndovu. Wanapogonga, nyuzi za gome hutanuka na kufumana zenyewe, na kipande kilichokuwa chembamba kinapanuka mara kadhaa. Nguo hiyo huitwa pongo.

Kisha huja zamu ya wanawake, nao ndio wachoraji. Mwanamke hutumia kijiti au kidole chake, na wino mweusi wa maji ya tunda la porini yaliyochanganywa na makaa. Mistari yake huenda, hukatika, hugeuka, huacha nafasi tupu, kisha huendelea mahali ambapo hukutazamia. Wapo wataalamu waliozifananisha nafasi hizo na vituo katika nyimbo za Wambuti, ambapo kila sauti huingia kwa wakati wake. Leo nguo hizo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wageni hulipa kiingilio kuzitazama.

Hapa nina jambo la kuwaambia kwa uzito. Ukisoma kibandiko kando ya nguo hizo, mara nyingi utakuta jina la kabila, jina la msitu na jina la aliyeinunua. Jina la mwanamke aliyeichora halipo. Alifikiri, alichagua, alichora, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Wapo hata kati yetu wanaowataja Wambuti kwa dharau, ilhali wao ni wasanii ambao dunia nzima inajifunza kwao. Anayetaka kusoma sanaa ya nyuzi katika Beni na Butembo aanze kwa heshima hiyo: kumwona mwalimu hata kama mwalimu huyo hana ubao wala chaki.

Najua pia kwamba njia ya kwenda msituni si salama. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika eneo la Beni, na familia nyingi zimeacha vijiji na mashamba. Wambuti nao wamelazimika kuuacha msitu na kukaa kando ya barabara. Msitu usipoingilika, gome halipatikani, na mzee asiyegonga gome hana cha kumwonyesha kijana. Vita huua watu, na baada ya watu huua ufundi wao. Ndiyo sababu kuusoma ufundi huu na kuuandika ni kazi ya haraka.

Na uzi una uwezo wa kusema juu ya vita vyenyewe. Huko Chile, baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1973, watu wengi walikamatwa wakapotea. Mama zao na wake zao walichukua vipande vya nguo kuukuu, wakavishona juu ya kitambaa kigumu vikawa picha: mlima, nyumba, askari, na mwanamke akiuliza mwanawe yuko wapi. Picha hizo zilitoka nje ya nchi na kuwaeleza walimwengu yale ambayo magazeti ya huko hayakuruhusiwa kuandika. Kijana wa Beni mwenye sindano naye ana sauti.

Sasa mtaniuliza: shule yenyewe iko wapi? Njia ya kwanza iko hapahapa. Katika sekondari za ufundi za Butembo na Beni kuna mchepuo wa kukata na kushona, ule tunaouita kwa Kifaransa kupe-kutire, unaoishia kwenye Mtihani wa Serikali. Huko utajifunza kupima mwili, kuchora patroni, kukata bila kupoteza kitambaa na kuitawala cherehani. Msikubali mtu awaambie kwamba mchepuo huo ni wa walioshindwa. Anayebadilisha kikwembe bapa kikawa gauni linalozunguka bega na kiuno anafanya jiometri kila siku.

Fundi mzuri hujiuliza nguo hii itamkaaje mteja. Mwanafunzi wa sanaa ya nyuzi huongeza maswali mengine: uzi huu umetoka wapi, unaweza kufanya nini ambacho bado haujafanya, na nikiuweka ukutani badala ya mwilini utasema nini? Maswali hayo hayamshushi fundi. Yanampa chumba cha pili cha kufanyia kazi.

Ukitaka kuendelea, Kinshasa kuna Chuo cha Sanaa Nzuri. Kilianzishwa mwaka 1943 na bruda mmoja Mbelgiji, Marc Wallenda, huko Gombe-Matadi, kikahamia mjini Kinshasa mwaka 1949, na kupata hadhi ya akademia mwaka 1957. Kinajulikana zaidi kwa uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na kazi za chuma, lakini msingi wa mchoro na rangi unaopatikana humo ni uleule anaouhitaji mfumaji. Katika mji huohuo kuna Taasisi ya Juu ya Sanaa na Ufundi, ISAM, inayofundisha mambo ya mavazi. Ila Kinshasa ni mbali. Kutoka kwetu watu huenda kwa ndege, na nauli si ndogo.

Njia nyingine inaelekea mashariki. Unatoka Beni, unapita Kasindi, unavuka mpaka wa Mpondwe, unaingia nchi ya ndugu zetu Bakonzo, na basi linakufikisha Kampala. Huko, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kuna shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Mama huyo aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika aanze na sanaa ya kwao, na mwaka 1953 alitoa kitabu, pamoja na Klaus Wachsmann, kilichoeleza kwa kina vikapu, mikeka, nguo za magome na ala za muziki za Uganda. Mpaka leo wanafunzi wa hapo husoma usanifu wa nguo. Kwa kijana wa Kongo kuna mambo mawili ya kujiandaa: masomo ni kwa Kiingereza, na diploma yake lazima ilinganishwe na vyeti vya Uganda. Anzeni mapema.

Uganda ina sababu ya kujivunia nyuzi zake. Waganda hutengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba. Baada ya kulibandua gome, huufunika mti kwa majani ya mgomba ili upone na kuota gome jipya; mti mmoja unavunwa kwa miaka mingi bila kukatwa. UNESCO iliitangaza kazi hiyo mwaka 2005 kuwa hazina ya binadamu wote, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi. Msanii Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, karibu kabisa na mpaka wa Kivu yetu, hushona shanga za karatasi juu ya nguo ya gome na kutengeneza picha kubwa za ukutani. Na mwaka 2022 Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza kwa banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen. Kazi zake zilikuwa za rafia, nyuzi za mgomba na majani yaliyosukwa, nyingi zikiwa zimesukwa na akina mama wasusi wa vijijini anaoshirikiana nao. Banda hilo lilipewa sifa maalumu na waamuzi. Nyuzi za mgomba, wajukuu zangu! Zilezile mlizozisokota mwanzoni mwa hadithi hii.

Chuoni mnafanya nini siku kwa siku? Mwaka wa kwanza mnachora sana: mikono, majani, mikunjo ya nguo. Mnajifunza rangi na jinsi zinavyobadilika zikikaa pamoja. Kisha mnaingia kwenye karakana: kufuma, kutarizi, kuchapa michoro, kutia rangi. Hapo kemia inaingia. Fanyeni jaribio hili nyumbani, mtu mzima akiwa karibu, kwa sufuria isiyopikiwa chakula. Chemsheni kitambaa cheupe cha pamba katika maji yenye manjano, na kingine katika maji ya maganda ya vitunguu mliyoongeza shabu kidogo. Vyote vitatoka na rangi nzuri. Vianikeni juani siku kadhaa. Ile ya manjano itafifia haraka, kwa kuwa mwanga wa jua huivunjavunja. Ile ya vitunguu itadumu zaidi, kwa kuwa shabu huishikilia rangi ndani ya uzi. Mwanafunzi wa nyuzi huandika matokeo kama hayo, kwa tarehe na vipimo, ili kesho asianze upya.

Nimalizie na mwanamke mmoja Mjerumani, Anni Albers. Mwaka 1922 aliingia shule mashuhuri ya sanaa ya Bauhaus. Wanawake wengi waliofika pale walisukumwa kwenye karakana ya ufumaji hata kama walitamani mengine, naye alikuwa mmoja wao. Akaupokea ufumaji, akausoma mpaka undani wake, na mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la New York likamwandalia maonyesho yake peke yake. Hakuna msanifu wa nguo aliyekuwa amepata heshima hiyo hapo kabla. Mwaka 1965 alipochapisha kitabu chake kikubwa juu ya kufuma, hakukitabaruku kwa maprofesa. Alikitabaruku kwa wafumaji wa kale wa Peru, akiwataja kuwa ndio walimu wake wakuu. Alikuwa amesoma shule bora ya Ulaya, na bado alijua alikojifunza.

Nanyi fanyeni hivyo, na anzeni juma hili. Chukueni daftari lenye kurasa ngumu. Kila ukurasa bandikeni kipande kimoja: kamba ya mgomba, kipande cha kikwembe, ukili wa mkeka, uzi mliotia rangi wenyewe. Kando yake andikeni ni mmea gani, umevunwa wapi, umefanywaje. Na chini yake, baada ya kumwomba ruhusa, andikeni jina kamili la aliyewafundisha. Daftari hilo likijaa mtaenda nalo kwenye usaili, iwe Butembo, Kinshasa au Kampala. Mwalimu atawauliza mmejifunzia wapi, nanyi mtamjibu kwa majina.